Vichupa vya Kijani

Juni 6, 1994

Daftari la kazini halitaki maoni. Unaandika amekula, hajakula, ameharisha, hajaharisha, unatia saini. Ukiandika "leo amenuna", Daktari Lindqvist analikata neno kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Basi nimenunua daftari langu mwenyewe, na humu tutanuna tutakavyo, mimi na kima wangu.

Naitwa Odile Metoyer. Mwaka wa kumi na tisa huu nawatunza kima katika kituo cha utafiti, huku kaskazini mwa ziwa, katikati ya misonobari. Leo nimekabidhiwa rasmi jengo la saba. Lina madume kumi na wawili, wote wameambukizwa virusi vya kima, ndugu wa damu wa vile vinavyoua watu. Mdogo wangu Alcide anavyo hivyo vya watu. Amelala chumba cha nyuma nyumbani kwetu tangu Pasaka.

Kuanzia Jumatatu ijayo kila kima atachomwa sindano moja kila asubuhi. Sita watapata dawa mpya, sita maji ya chumvi. Vichupa vina alama za rangi, kijani na njano, na kila kima ana rangi yake. Rangi ipi ni dawa anajua Bwana Tran wa famasi peke yake, na karatasi ameifungia kwenye kasha. Hata Daktari hajui. Anasema ndivyo inavyotakiwa, ili moyo usilidanganye jicho. Jicho langu halijawahi kudanganywa na mtu, lakini sikuulizwa.

Juni 7

Mvua. Royce, mwenzangu wa zamu, kachelewa.

Juni 13

Tumeanza. Tangu Machi nimewafundisha kima hawa: ukisimama mbele ya kizimba ukisema "mguu", anageuka, anautoa mguu katikati ya vyuma, unamchoma pajani, unampa zabibu kavu. Hakuna kukamatana, hakuna makelele. Ni kazi ya mikono yangu, na najisifu kwa sababu daftari ni langu.

Royce Pellerin ana maneno kuliko redio.

"Odile, kima kumi na wawili wanakunyooshea mguu, na wanaume wa parokia nzima hata mkono hawakupi. Hebu jiulize, dada."

"Wanaume wa parokia hawapendi zabibu," nikamjibu.

Kacheka mpaka barakoa ikamtoka. Daktari akapita, hakucheka. Ametoka Minnesota, kwenye theluji, na Royce amembandika jina la Barafu. Jina limemkaa.

Juni 20

Jumatatu, wali na maharage mekundu. Alcide kala vijiko vitatu. Joto.

Juni 24

Joto. Kijani wote wamemaliza chakula. Njano wawili wamebakiza.

Julai 2

Tini zimeiva, na Mama kapika jamu tangu alfajiri. Nimembeba Alcide hadi barazani aonje. Alikuwa mpishi kwenye mitambo ya mafuta baharini, akipikia watu themanini, mwili umejaa mlango. Leo nimembeba peke yangu, na sikuhema.

"Mama kazidisha sukari," akaninong'oneza.

"Mwambie mwenyewe."

"Mimi mgonjwa, dada, si mwendawazimu."

"Nakusikia, we Alcide!" Mama akapayuka kutoka jikoni. "Ugonjwa umekula kila kitu ukakuachia ulimi!"

Tulicheka sote watatu. Vidonge vya hospitali vilimkausha damu hadi wakamwachisha mwezi Mei, na tangu hapo hana dawa yoyote. Anapungua kila wiki, nami ninayepima kima kwa gramu siwezi kujifanya sioni.

Julai 8

Muuguzi wa hospitali ya jijini kapiga simu. Kuna dawa nyingine mpya wanaijaribu kwa watu, na wamemwekea Alcide nafasi. Nusu ya wagonjwa watapewa dawa, nusu vidonge vitupu, na hakuna atakayeambiwa yuko upande gani. Anataka jibu kufikia Ijumaa ijayo.

Nikamuuliza Alcide. Akasema, "Amua wewe. Mambo ya kujaribiwa unayajua wewe."

Nayajua, ndiyo. Wa maji ya chumvi nimewalisha na kuwaosha miaka yote hii, na mwisho nimewabeba kwenye mfuko. Wanatoa mguu kila asubuhi kama wenzao, wanashukuru zabibu, na hawapewi kitu. Ndugu yangu wa tumbo moja nikamcheze kamari namna hiyo? Sijui. Nimeshindwa hata kusali.

Julai 14

Siku ya mizani. Kijani wote sita wameongezeka. Njano wanne wamepungua, manyoya yamefifia, na kupanda ubaoni wanapanda kama wazee. Kinyesi cha kijani kigumu, kinang'aa. Cha njano majimaji. Mavi hayasemi uongo. Nimewaambia hivyo vijana wote niliowahi kuwafundisha kazi hii, na hakuna aliyewahi kunikosoa.

"Kijani ndiyo dawa," nikamwambia Royce.

"Punguza sauti. Barafu akisikia unabahatisha rangi atakupeleka kwenye panya."

"Sibahatishi. Nina macho."

"Mimi pia nina macho," kasema, "na mke niliyemwoa kwa macho hayo unamjua."

Julai 15

Nimempigia muuguzi. Nimekataa.

Julai 18

Nimefanya. Naandika polepole nisije nikajipamba.

Kila kichupa cha Bwana Tran kinamtosha kima mmoja siku tano, na chini hubaki kidogo, kijiko cha chai hivi. Masazo hayo yanarudi famasi katika ndoo nyekundu, yakatupwe. Yakatupwe! Na mtu wangu anakwisha chumba cha nyuma. Leo tulikuwa tunabadilisha vichupa. Nimeyavuta masazo ya vichupa sita vya kijani, nikayakusanya katika kimoja, nikakitia ndani ya soksi. Yanatosha sindano tano za mtu. Vichupa nikavirudisha vikavu.

Nyumbani nilimweleza Alcide kila kitu, kwa sababu kumchoma kwa uongo nisingeweza.

"Yaani nichomwe masazo ya kima."

"Ndiyo."

"Na nikianza kuparamia misonobari ya watu?"

"Nitakuja na zabibu."

Kacheka hadi kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia hakucheka tena. "Una hakika ni kijani?"

"Alcide. Miaka kumi na tisa."

Akanyoosha paja. Mama ana kisukari, sindano zimejaa kabatini, na kuchoma watu nilijifunza kwake. Nikamchoma. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza nimeitoa wapi.

"Ni ya kuponya?" akauliza.

"Ni ya kuponya, Mama."

Akapiga ishara ya msalaba akaenda kuwasha jiko.

Julai 25

Sindano ya nane. Kaomba bamia.

Julai 29

Bamia tena. Anasema Mama hajui kukaanga unga wa mchuzi ukawa kahawia, aachiwe jiko. Mama kasema apite juu ya maiti yake.

Agosti 9

Alcide katembea hadi sanduku la barua na kurudi. Kwa miguu yake! Jirani ng'ambo ya barabara, yule aliyeacha kutusalimia tangu aliposikia ugonjwa wenyewe, alikuwa anamwagilia maua. Alcide akampungia mkono kwa madaha kama askofu. Mpira wa maji ukamwanguka mwanamke yule, akajilowesha viatu.

Nimelia bafuni, kwa furaha, na sioni haya kuandika.

Agosti 15

Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Alcide kaja kanisani, kakaa kiti cha nyuma, kaimba. Kaongezeka ratili mbili. Nimewasha mishumaa miwili, mmoja wa Mama wa Mungu na mmoja wa Bwana Tran asiyejua lolote.

Agosti 16

Daktari kanisimamisha koridoni. "Odile, nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo."

Kaniangalia kama anayetaka kuongeza neno, halafu akaenda zake. Miaka sita hajawahi kuniuliza habari za nyumbani. Kuna mtu kapeleka maneno, na katika jengo la saba mwenye maneno ni mmoja tu. Royce nimemnunia siku nzima. Kaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Agosti 22

Njano mmoja, yule mwenye namba arobaini na nne kifuani, karuka kutoka ubao wa juu kama alivyoruka mara elfu. Nilikuwa nimempa kisogo. Nikasikia mfupa wa paja ukikatika. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini ameushika mguu kwa mikono yote miwili, ananitazama mimi, si mguu.

Daktari kaja mbio. Kamlaza, kampiga picha, na tulipoiangalia picha hata mimi niliona mifupa imefifia mwili mzima kama mifupa ya kikongwe. Hakuna la kufanya. Kampa sindano ya mwisho mwenyewe, nami nikamshika kichwa. Kima alipotulia, Daktari alibaki ameweka kiganja kifuani pake, juu ya ile namba, muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji.

Sasa sina shaka hata chembe. Ugonjwa umewafika njano mifupani. Hao ndio wasiopewa kitu. Nilimtazama yule kima aliyekufa nikajisemea, huyu ndiye Alcide ningemsikiliza yule muuguzi. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Agosti 29

Redio inasema dhoruba iko ghubani.

Septemba 1

Dhoruba inakuja huku. Mimi na Royce tuko katika kikosi cha kubaki, jina langu liko ukutani tangu Mei. Dhoruba ikija, waliomo wamo: mlango unafungwa, na kima hawaachwi. Nimemwachia Mama sindano mbili tayari kwenye jokofu. Mikono ya Mama inatetemeka.

Septemba 4

Nimetoka leo mchana.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika, jenereta ikashika, ikazimika, ikashika tena. Maji yalifunika barabara. Jengo lilijaa joto la kinyesi na pumzi, tukawanywesha kima kwa chupa mmoja mmoja, na kila asubuhi saa moja kamili sindano, maana dhoruba si sababu. Siku ya pili ilikuwa ya kubadilisha vichupa. Nikajua nyumbani sindano zimeisha. Nikavuta masazo ya kijani huku mti ukiangukia paa la ghala, nikainama kutia soksini. Nilipoinuka Royce alikuwa mlangoni na tochi.

Tukatazamana.

"Mdogo wako yule mpishi?" akauliza.

Nikashusha suruali kufunika soksi.

"Nilimjua. Alinipikia kaa, mtamboni, mwaka nilipofanya kazi ya kupaka rangi kule. Hajawahi kunipa sahani ndogo." Akazima tochi. "Betri zinakwisha. Mimi humu sioni kitu, Odile."

Nilifika nyumbani nimevaa matope hadi kiunoni. Alcide ana homa, midomo imepasuka. Mama alimchoma ya kwanza, ya pili ikamwagika sakafuni. Amekosa siku mbili. Siku mbili tu! Nimemchoma kabla hata sijavua viatu.

Septemba 9

Homa haijashuka.

Septemba 12

Wali na maharage. Hakula.

Septemba 15

Utando mweupe umerudi mdomoni na kooni. Anasema kumeza ni kama kumeza wembe. Ni zile siku mbili, nilimwambia. Dawa ikikatizwa virusi vinapata nguvu, Daktari aliwahi kutuhutubia hivyo. Akasema, "Basi usijilaumu, hukuileta dhoruba wewe." Yeye ndiye ananibembeleza mimi.

Septemba 19

Kijani mmoja anaharisha. Atakuwa amekula kitu.

Septemba 23

Kijani wawili. Hali ya hewa imebadilika ghafla, asubuhi baridi, mchana joto. Kima hawapendi.

Septemba 27

Kijani watatu. Kazini nimeandika "kinyesi laini". Daktari kaja, kaangalia mwenyewe, kalikata neno langu kwa kalamu nyekundu, kaandika "ameharisha".

Alcide haoni vizuri jicho la kushoto.

Oktoba 3

Nitaandika yote, kwa sababu nisipoandika leo nitajitungia hadithi baadaye.

Kijani wanne wanaharisha. Wawili wamevimba tezi shingoni, nimezishika kwa vidole vyangu. Njano waliobaki, watano, wale ninaowaita vilema, wanachechemea na manyoya yao yamekufa, lakini tezi hawana, na macho yao makali. Wiki ya tatu sasa naliona jambo hili na kila asubuhi nalipa jina lingine.

Leo Royce alikwenda kuchukua chakula, nikabaki peke yangu na vichupa vyote kumi na kimoja mezani. Nikachukua vya njano. Nikavuta masazo yote, bomba zima, nikasimama nalo mkononi.

Nikawaza: nikimchoma hii leo, maana yake nimemchoma maji ya chumvi tangu Julai. Nikawaza tena: na kama njano ni sumu inayovunja mifupa, nitammalizia mdogo wangu? Hoja hiyo ya pili ilikuwa nzuri, nikaishika kwa mikono miwili. Lakini sidanganyi humu. Si hoja iliyonirudisha. Niliuona uso wa Alcide nikimwambia nimekosea. Nikauogopa uso ule kuliko nilivyoogopa afe.

Nikaimwaga njano katika ndoo nyekundu. Nikaenda nyumbani na kijani.

"Leo umechelewa," kasema.

"Barabara mbaya," nikasema, nikamchoma.

Oktoba 5

Hajanitambua asubuhi. Mchana kanitambua, kaomba kahawa, hakuinywa.

Oktoba 8

Padri kaja. Jirani wa ng'ambo kaleta supu ya kuku katika chungu, kaiacha barazani, kabisha hodi na kukimbia. Mama kamfuata hadi barabarani kumwambia asante. Mimi ningemmwagia.

Oktoba 11

Alcide kafariki saa nne asubuhi. Nilikuwa kazini. Mama alikuwa naye, alimshika miguu kwa sababu alisema ina baridi. Ana miaka thelathini na sita.

Oktoba 12

Kazini wamenipa siku tatu. Royce kaleta maua na ndoo ya kaa. Mama kasema haya maua sawa, kaa wa nini? Royce kasema, "Mwenyewe anajua, Mama." Halafu mtu huyu wa maneno mengi akashindwa kuendelea, akakaa ngazini akalia na kofia usoni.

Oktoba 17

Nimerudi. Kijani mmoja kafa Jumamosi.

Oktoba 24

Wa pili.

Novemba 1

Watakatifu Wote. Mimi na Mama tumepaka chokaa makaburi ya kwetu, Baba, Bibi, wale mapacha wetu waliokufa wachanga, na Alcide ambaye udongo wake bado haujakaa. Kila familia ilikuwa makaburini na ndoo na brashi, wanakula, wanasemezana. Watu walikuja kumsalimu Mama, na kila aliyekuja aliambiwa: binti yangu alimpatia dawa, dawa mpya ambayo hata hospitalini hawana, ilimwongezea miezi. Nilipaka chokaa na mgongo nimewageuzia. Nilipaka mahali pamoja mara nne.

Novemba 7

Mvua baridi. Kijani wamebaki watatu. Njano watano.

Novemba 17

Leo Bwana Tran kafungua kasha.

Tulikaa chumba cha mikutano, wote wa jengo la saba, na wakubwa wawili kutoka juu. Daktari akaipokea karatasi, akaisoma kwanza kimya. Halafu akasema kwa sauti: dawa ni njano. Kijani ni maji ya chumvi.

Halafu yakaja majibu ya damu kutoka maabara. Katika kima wote watano wa njano virusi havionekani. Vimezimwa, tangu wiki ya tatu vimezimwa. Katika kijani vimejaa tele. Wakubwa wakapiga makofi. Mmoja akamkumbatia Bwana Tran. Daktari akaeleza kuhusu mifupa: kipimo kilikuwa kikubwa mno, dawa yenyewe ndiyo iliyowakondesha na kulegeza mifupa, kipimo kitapunguzwa. Na kijani walinawiri mwanzoni kwa sababu ugonjwa huu hujificha. Kuna wiki ambazo mgonjwa ananenepa, anatembea hadi sanduku la barua. Hapana, hilo la sanduku hakusema yeye.

Nilipiga makofi na mimi. Mikono ilipiga yenyewe.

Baadaye nilikuwa naosha mabakuli, Daktari akaja, akafunga mlango.

"Vichupa vya kijani vilikuwa vinarudi vikavu," akasema. "Tangu Julai. Mabaki nayasaini mimi."

Nikazima maji. "Kwa nini hukunifukuza?"

"Agosti nilimuuliza Royce kama una shida. Akaniambia una mdogo wako anaumwa, na ugonjwa gani. Hakuniambia zaidi." Alikuwa ameshika kalamu yake ile nyekundu, anaizungusha. "Nilikwenda nyumbani nikafikiri. Kama ningekuripoti ungekamatwa. Nikajiambia, angalau anachukua kijani. Angalau mtu yule ana dawa."

Sikumwelewa kwanza.

"Nami niliamini ni kijani, Odile. Ningeapa. Mtu yeyote mwenye macho angechagua kijani."

Alisema hivyo kunifariji. Najua alitaka kunifariji, mwanamke huyu niliyemwita barafu miaka sita. Lakini nikasema kabla sijajizuia:

"Wewe uliamini tu, Daktari. Mimi nilichoma. Na mwezi wa kumi, tarehe tatu, nilishajua, nikachoma tena."

Nikafungua maji, nikaendelea na mabakuli. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaosha upande wa pili wa sinki hadi yakaisha.

Nimerudi nyumbani bado kweupe. Mama amekaa jikoni na beseni la njugu za pekani alizookota uani, anazivunja kwa koleo. Nikavuta kiti, nikaanza kuvunja na mimi. Nilikuwa nimelipanga neno njia nzima. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Unajua, Odile," akasema bila kuinua macho, "watoto wa wenzangu walikufa hivi hivi, mikono mitupu. Wangu alikufa dawa imo mwilini. Usiku nikikosa usingizi nalikumbuka hilo, nalala."

Akaniinulia macho, anangoja.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ilikuwamo."